Sufuria Moja

Haya ndiyo niliyoyasema kuhusu kupunguza uzito nyumbani, Jumamosi iliyopita kwenye uwanja wa shule hapa Ipagala, Dodoma, wazazi tulipokaa kivulini baada ya mazoezi ya asubuhi. Wengine mlikuwa safarini, wengine msibani, mkaomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyotoka, hata pale nilipopotea njia.

Mbukwenyi!

Naona walioijibu salamu hii ya Kigogo ni wenyeji. Ninyi mliohamia na wizara zenu kutoka Dar es Salaam bado mnaona haya. Basi shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na wadogo zangu huko nyuma hamjambo. Poleni na jasho. Poleni na vumbi pia, maana upepo wa Dodoma haujawahi kumsubiri mtu amalize mazoezi.

Mwenyekiti amenitambulisha kama mtaalamu. Mimi si mtaalamu. Mimi ni dereva. Kazi yangu ni kukaa. Nakaa kutoka hapa mpaka Dar es Salaam, kilomita kama 450, halafu nalala, halafu nakaa tena kurudi. Mguu wa kulia ndio unaofanya mazoezi, nao unakanyaga mafuta tu. Mwaka 2017, ofisi zilipokuwa zinahamia huku kwa kasi, nilikuwa na kilo 79. Miaka sita baadaye nilikuwa na kilo 98, na urefu wangu ni mita 1.68. Hospitali wana hesabu yao: unachukua kilo zako, unagawa kwa urefu wako mara urefu wako. Yangu ilitoka karibu 35. Kuanzia 25 unaambiwa uzito umezidi. Kuanzia 30 unaambiwa una kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Neno lenyewe tu linakutosha.

Sasa niulize, katika miaka hiyo sita nani aliniambia? Hakuna. Waliniita bosi. Waliniita mheshimiwa. Siku moja kwenye geti la ofisi fulani mlinzi alinipigia saluti mimi dereva, halafu bosi wangu, mtu mwembamba, msomi, akaulizwa kitambulisho. Mnacheka. Mimi nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu kwa fahari! Kitambi kwetu ni cheo, na nani anataka kushushwa cheo?

Kilichonishusha ni kichwa. Kilianza kuuma kisogoni kila asubuhi. Nikaenda zahanati, muuguzi akanifunga ile mashine mkononi mara tatu, kila mara anaitazama kama imeharibika. 160 juu, 100 chini. Daktari akanipa dawa, akanipa na maneno: punguza uzito.

Nikarudi nyumbani nikatangaza kama waziri. Nikasema, kuanzia leo baba yenu yuko kwenye dayati.

Wazazi wenzangu, hapo ndipo nilipokosea, na ndilo jambo lililonileta mbele yenu. Nilidhani dayati ni ya mtu mmoja. Mama Neema, mke wangu, yule pale anainamisha kichwa, akaanza kupika sufuria mbili. Ya kwanza ya familia: wali wa nazi, maharage ya kukaanga, nyama inaelea. Ya pili ya mgonjwa: kabichi ya kuchemsha na yai. Nikakaa kwenye kigoda changu pembeni, wao wakakaa mkekani na sinia lao. Mwanangu wa mwisho, miaka minne, akanitazama, akatazama kabichi, akauliza, "Baba, umefanya kosa gani?"

Mtoto aliona adhabu. Alikuwa na haki. Na mimi mwenyewe nilikuwa mfungwa, sasa mfungwa kazi yake nini? Kutoroka. Wakishalala, naingia jikoni na tochi ya simu. Sifungui friji, inapiga kelele. Nafunua sufuria ya wali taratibu, mfuniko nauweka juu ya kitambaa usilie, nakwangua ukoko kwa kijiko cha mbao kwa sababu cha chuma kina sauti. Baba wa watoto watatu! Usiku wa tatu nikageuka nikamkuta Neema, msichana wa miaka kumi na miwili, amesimama mlangoni na kikombe chake cha maji. Hakusema neno. Akanywa maji, akarudi kulala. Ile kutosema neno ilinipiga kuliko presha.

Mwisho wa mwezi nikapanda mizani. Kilo 99.

Nimeshika mafuta, nimeshika aibu, na nimeongeza kilo moja. Kosa lilikuwa wapi? Sufuria mbili. Nyumba ina sufuria mbili, ya raha na ya adhabu, na wewe umejipangia ya adhabu. Utadumu siku ngapi? Mama anayepika zote mbili amechoka kutoka kazini, ataendelea siku ngapi? Na mtoto anajifunza nini? Anajifunza kwamba mboga ni ya mgonjwa. Umemfundisha kwa macho, na la macho halifutiki kwa mdomo.

Aliyetutoa hapo ni mama yangu mzazi. Alikuja kutoka Kongwa, mwezi wa sita, baada ya mavuno, kama kawaida yake na gunia la uwele, kifurushi cha mlenda mkavu na kuku wawili wamefungwa miguu. Jioni ya kwanza akakaa jikoni akimtazama mkwewe anapika. Mama ni mtu wa maneno machache. Aliona mafuta yanamiminwa kwenye sufuria moja kwa moja kutoka kwenye kidumu, hivi, kwa mkono, bila kijiko. Akauliza, "Mnapika mboga au mnakaanga maandazi?"

Mama Neema alinuna siku mbili, na mimi sikumlaumu. Mama mkwe akikusema jikoni kwako, si jambo dogo. Lakini siku ya tatu mke wangu, ambaye ni mhasibu, akachukua karatasi. Naomba msikilize hesabu yake, maana ndiyo iliyobadilisha nyumba yangu. Kidumu cha lita tano kwetu kilikuwa kinaisha kwa wiki mbili. Tuko sita, pamoja na dada wa kazi. Gawa. Inatoka mililita 60 kwa kila mtu kila siku. Hivyo ni vijiko vinne vya chakula vimejaa mafuta, kwa kila mtu, hata yule wa miaka minne kwa hesabu. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, mara mbili na zaidi ya gramu moja ya unga wa ugali au sukari. Vijiko vile vinne ni karibu kalori 500. Mtu wa kilo 98 kama mimi, ili azitembee zote, atembee kwa haraka karibu saa moja na nusu. Kila siku. Na hapo hajala ugali, hajala nyama, amekula mafuta tu bila kuyaona!

Nani hapa anajua kidumu chake kinaisha baada ya siku ngapi? Inueni mikono. Mnaona? Bei ya lita tunaijua sote, siku zake hatuzijui.

Basi hatukutangaza chochote. Hakuna waziri tena. Mama Neema alinunua kijiko kimoja kirefu, akakifunga kamba kwenye kidumu. Mafuta yanapita kwenye kijiko kwanza. Siku hizi kidumu kinakwenda wiki tano. Sufuria ni moja. Maharage yanachemka na kitunguu, nyanya, karoti na hoho, yanatiwa karanga za kusaga kidogo mwishoni, wote tunakula hayo. Mlenda umerudi mezani, ule ule wa bibi yao, usiohitaji tone la mafuta. Nyama tunakula, msiniangalie hivyo, mimi ni Mgogo. Ila sahani yangu imepangwa upya: nusu mboga, robo ugali, robo maharage au nyama. Ugali wa mtoto anayekua siupimi. Wa kwangu naupima kwa ngumi yangu, na ngumi ni kubwa, namshukuru Mungu.

Uwele nao ulikuwa na kesi yake. Watoto waliozoea sembe nyeupe waliona ugali wa rangi ya jivu wakasema ni udongo. Mama akasema kwa Kigogo neno ambalo sitalitafsiri hapa. Tukachanganya, nusu sembe nusu uwele, halafu dona, halafu tukaongeza uwele taratibu mpaka wakasahau. Nisiwadanganye: uwele una nguvu kama sembe tu, ukila mlima utanenepa mlima. Faida yake ni makapi yake, unashiba mapema na unakaa bila njaa mpaka mchana. Anayekuuzia uwele kama dawa ya kupunguza tumbo, muulize kwa nini wazee wetu walioula maisha yao yote walikuwa wanalima kutwa.

Sukari nitaipitia haraka, maana najua mmeshasikia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo ya chini ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Soda moja ya mililita 350 inavuka hapo peke yake. Mimi nilikuwa nakunywa mbili barabarani, moja Gairo na moja Chalinze, na chai tatu za vijiko vitatu vitatu. Yatosha.

Nije kwa akina mama. Hapa naomba ruhusa, na mke wangu amenipa ruhusa ya kulisema. Mama anakula lini? Swali jepesi, sivyo? Jumapili moja sikuwa na safari nikakaa nikamtazama, si kwa upelelezi, kwa sababu na yeye alikuwa analalamika kwamba hali kitu lakini anaongezeka. Asubuhi aliwapa watoto chapati na chai, yeye akasema hana njaa. Akala vipande vilivyobaki kwenye sahani tatu. Alipokuwa anapika alionja mchuzi mara tano, na kipande cha nyama mara mbili kuona kama imeiva. Nyama ikiiva mara ya kwanza, ya pili ilikuwa ya nini? Mchana alitugawia wote, yeye akabaki amesimama, mara chumvi, mara maji, mara huyu amemwaga. Tulipomaliza, akakaa na masalia ya mtoto. "Nisitupe, ni dhambi." Saa nne usiku, nyumba imetulia, ndipo alipojipakulia sahani yake ya kwanza. Na ilikuwa kubwa, kwa nini isiwe kubwa? Alikuwa amechoka, na kwa hesabu yake hakuwa amekula tangu asubuhi.

Akina mama, ni nani humu anayekula amesimama? Haya, shusheni mikono, ni wote.

Tulichofanya ni kidogo. Mama anakaa kwanza. Anapakuliwa kwanza, na ninayepakua ni mimi nikiwepo, au Neema. Watoto wanapakuliwa kidogo, wakitaka wanaongezwa, masalia yanapungua. Yanayobaki yanakwenda kwenye chombo, ya kesho, au ya kuku. Na tunakula saa moja na nusu jioni. Kwa waliofunga kazi saa kumi na moja hilo linawezekana, kwa dereva si kila siku. Nikirudi saa nne nakuta uji na matunda, nakula hayo. Zamani nilikuwa nakula chipsi mayai njiani kwa sababu ya njaa, halafu nakula tena nyumbani ili mke asijue. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kusikia. Samahani, Mama Neema. Tutaongea.

Sasa mazoezi. Watu wengi wananiambia, "Baba Neema, muda sina." Na ni kweli hamna. Mwenye watoto watatu, kazi, foleni ya maji na vikao vya harusi, atapata wapi saa ya kwenda kiwanjani? Mtu mzima anashauriwa dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kumtoa jasho kidogo. Watoto wetu dakika 60 kila siku. Mimi nilipoona tarakimu hizo mbili nikasema, mbona hapa kuna jambo moja? Kama mtoto anahitaji nyingi kuliko mimi, basi nimfuate yeye.

Shule ya mwanangu wa pili iko dakika 25 kwa mguu. Alikuwa anakwenda na bodaboda. Siku ambazo sina safari tukaanza kutoka pamoja saa kumi na mbili kasoro, giza halijaisha vizuri, mwezi wa saba, baridi ya Dodoma ile inayokata masikio. Wiki ya kwanza nilikuwa napumua kama lori linapanda mlima, na yeye, miaka tisa, ananisubiri kwenye kila kona ananiambia, "Baba, jikaze." Tunaongea njiani. Nimejua majina ya rafiki zake wote, nimejua mwalimu gani anamwogopa na kwa nini. Kwenda na kurudi ni dakika 50. Mara tatu kwa wiki, nimeshamaliza 150 zangu bila kununua raba mpya.

Jioni kuna kamba. Neema anaruka kamba na wenzake uani. Nikajiunga. Siku ya kwanza niliruka mara saba, ya nane kamba ikanifunga, nikaanguka mbele ya jirani yangu, huyu huyu Mzee wa duka, akacheka mpaka akakaa chini. Magoti yaliuma wiki nzima. Ndiyo maana nawaambia wenye uzito kama niliokuwa nao: anza kwa kutembea, kamba baadaye. Na mwenye dawa za presha au sukari amwone daktari kwanza, maana mwili ukibadilika dawa nayo hupimwa upya. Zile chai za kukata tumbo zinazotembezwa mitaani ziacheni hukohuko.

Mtaniuliza, mazoezi yamenipunguza kilo ngapi? Chache. Nilichopungua kimepungua jikoni. Mazoezi yamenipa usingizi na pumzi, na yamenipunguzia hasira barabarani, na madereva wenzangu mnajua hilo la mwisho lina thamani gani. Septemba 2025 sote tulimwona Alphonce Simbu, kijana wa jirani zetu Singida, akichukua ubingwa wa dunia wa maratoni kule Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03. Kilomita 42, halafu mnatenganishwa na kupepesa jicho! Kwangu kila mtu alitoka uani kukimbia siku ile, hata dada wa kazi. Ilidumu siku tatu. Kutembea shuleni kumedumu mwaka. Chagueni wenyewe.

Limebaki moja, nalo si la chakula. Ni mdomo.

Nilipofika kilo 90 nilikwenda Kongwa kwenye msiba wa baba mdogo. Shangazi yangu aliponiona akaacha kumlilia marehemu akaanza kunililia mimi. Kweli kabisa. "Mwanangu umeisha! Wanakuficha nini?" Jioni wazee wakaniita pembeni: unaumwa? Umefukuzwa kazi? Na mmoja, Mungu amsamehe, akamuuliza mke wangu mbele za watu kama bado ananipikia. Mama Neema, aliyefunga kijiko kwenye kidumu kwa ajili yangu, alilia kwenye gari kutoka Kongwa mpaka karibu na Chamwino. Kwetu ukinenepa umebarikiwa, ukikonda kuna siri. Tangu hapo nikajifunza kusema mapema, kabla hawajauliza: daktari ameniagiza, mke wangu ndiye anayenisaidia. Nalisema kwa sauti, na yeye amesimama karibu.

Lakini mdomo wa pili ulikuwa wangu. Kila Jumapili napanda mizani sebuleni, natangaza kilo, najishika tumbo, najitukana kwa utani: bonge, nguruwe, pipa. Na mjomba mmoja akaja akamwambia Neema kwa utani uleule, "Na wewe kibonge, unamfuata baba." Wiki mbili mtoto akawa anarudisha chakula cha shule bila kukigusa. Ndugu zangu, utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na utafiti huohuo ukakuta wanawake 28 katika kila 100 wamezidi uzito. Nchi moja, pengine nyumba moja, sufuria moja. Mtoto anayekua hawekwi kwenye dayati kwa sababu baba yake ana kitambi. Anawekewa chakula kizuri, anaachwa acheze, na mwili wake hausemwi.

Mizani nimeihamishia chumbani, chini ya kitanda. Nampima mwenye nyumba tu, mara moja kwa mwezi. Neema anakula. Ilichukua muda, na ilibidi nimwombe radhi, mimi baba, nimekaa mkekani na yeye amekaa kwenye kigoda.

Leo nina kilo 86. Kwa ile hesabu ya hospitali bado niko 30 na nukta kadhaa, bado niko kwenye kiribatumbo. Imenichukua mwaka na miezi miwili. Presha imeshuka, dawa daktari amepunguza moja. Sijafika, msinipigie makofi bado.

Uji uko tayari pale chini ya mti, wa uwele, hauna sukari, mtazoea. Na fundi wetu wa cherehani ametuazima futi yake kwa wanaotaka kupima kiuno, akina mama upande ule na Mama Neema, akina baba huku. Vuta pumzi, toa, usibane tumbo, nakuona. Wanaume sentimita 94 ndiyo ya kuanza kujitazama, wanawake 80. Naanza mimi. Shika mwisho huo, Mzee wa duka, na leo usicheke.

Mia moja na tatu. Nani anafuata?